Tyubu Moja Haitibu Kila Sikio

Ukiingia duka la dawa za mifugo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa ukasema mbwa wako anajikuna na sikio lake linanuka, aghalabu hutaulizwa maswali mengi. Utapewa tyubu. Ndani yake mna dawa ya kuua bakteria, dawa ya kuua fangasi na steroidi ya kutuliza mwasho na uvimbe. Ukikosa ya mifugo, famasi ya jirani itakuuzia ya binadamu yenye viambato vya jamii hiyohiyo. "Paka hii, inamaliza kila kitu," ndivyo utakavyoambiwa, na muuzaji anaamini anachokisema. Mwenye mbwa naye anaamini. Hata madaktari wa mifugo wanaoamini hivyo si wachache, na nalisema hilo nikijua wapo watakaoudhika: sikio likiuma, mchanganyiko; ngozi ikichubuka, mchanganyiko; mchanganyiko huo usipofaa, basi ni mchanganyiko wa jina jingine. Imani hii ni potofu. Inawatesa wanyama, na gharama zake hazilipwi na wanyama peke yao.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na dawa zenyewe. Surolan, yenye mikonazoli, polimiksini B na prednisoloni, au Otomax, yenye gentamisini, klotrimazoli na betamethasoni, zilitengenezwa na watu waliojua wanachokifanya. Masikio ya mbwa mara nyingi huwa na bakteria na fangasi kwa pamoja. Uvimbe huziba njia ya sikio, na steroidi huupunguza ili uchafu utoke na dawa iingie. Dawa inayowekwa mahali penyewe penye ugonjwa hufika kwa wingi ambao kidonge au sindano haiwezi kuufikia, tena bila kuulazimisha mwili mzima kunywa antibiotiki. Kwa mnyama anayestahili, mchanganyiko huu ni tiba nzuri, na katika mabishano mengine ningesimama kuutetea.

Ninachokipinga ni hitimisho lililojengwa juu ya ukweli huo: kwamba kwa kuwa tyubu ina dawa tatu, hakuna haja ya kujua mnyama anaumwa nini. Mimi nasema kinyume chake. Kila dawa inayoongezwa kwenye tyubu inaongeza sababu ya kuchunguza kabla ya kupaka, kwa maana kila moja ina ugonjwa inaoutibu, ugonjwa isiougusa na ugonjwa inaouchochea. Anayepaka bila kuchunguza anatumia zote tatu bila kujua ni ipi kati yake inayomsaidia mgonjwa na ipi inayomuumiza.

Kosa la msingi ni kudhani kwamba maambukizi ndiyo ugonjwa wenyewe. Bakteria wa jamii ya Staphylococcus na fangasi aitwaye Malassezia huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru. Wanapozaliana kupita kiasi ni kwa sababu kuna kitu kimewafungulia mlango. Pengine ni mzio wa viroboto, wa chakula au wa vumbi la nyumbani. Pengine ni utitiri wa masikioni. Pengine ni mbegu ya majani yenye miiba iliyozama sikioni wakati mbwa akikimbia porini, maji yaliyobaki baada ya kuogeshwa, kinyama kilichoota ndani ya sikio la paka, au tezi ya koo isiyofanya kazi sawasawa. Joto na unyevu wa pwani yetu huongeza chumvi kwenye kidonda, kwa kuwa Malassezia hustawi mahali penye joto, unyevu na mafuta.

Mchukue mbwa wa ulinzi wa aina ya German Shepherd mwenye mzio. Anajilamba miguu mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu, masikio yanakuwa mekundu, halafu yanaanza kunuka. Tyubu inanunuliwa. Siku ya tatu mwasho umepungua, wiki haijaisha mwenye mbwa ameshaacha kupaka, na kila mtu ameridhika. Mwezi unaofuata hali inarudi ileile. Tyubu nyingine. Mzio uliokuwepo mwanzo haujaguswa hata mara moja; kilichotibiwa ni matokeo yake tu. Hali hiyo ikijirudia mwaka mzima, ngozi ya ndani ya sikio huwa nene, njia husinyaa, na hatimaye gegedu hugeuka kuwa ngumu kama mfupa. Hapo hakuna dawa ya kupaka itakayopenya. Kinachobaki ni upasuaji wa kuiondoa njia nzima ya sikio, ambao ni mgumu, ni ghali, na kliniki nyingi haziwezi kuufanya. Mwenye mbwa atasema dawa "zimeisha nguvu". Ukweli ni kwamba dawa hazikuwahi kuelekezwa kwenye chanzo.

Utitiri wa masikioni unaonyesha jambo hili waziwazi, hasa kwa paka wachanga. Sikio hujaa nta nyeusi, kavu, inayomeguka, na paka hujikuna mpaka anatoka damu nyuma ya masikio. Mdudu huyu, Otodectes cynotis, humaliza mzunguko wake wa maisha kwa muda wa wiki tatu hivi, kuanzia yai mpaka utitiri mkubwa, na huhama kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Baadhi ya dawa za mchanganyiko zenye mafuta humpunguza, sikatai. Lakini anayepaka kwa siku tano na kuacha ameyaacha mayai yaangue, na asiyewatibu paka na mbwa wote wa nyumba hiyo amewaachia wenzake kazi ya kumrudishia mgonjwa utitiri. Mambo yote mawili huwezi kuyajua kama hujui kwamba ulichonacho ni utitiri.

Tuje kwenye steroidi, maana hiyo ndiyo inayoipa tyubu sifa yake yote. Mwasho unatulia kwa siku moja au mbili, wekundu unapotea, na mteja anaondoka akiisifu dawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Steroidi hufanya kazi kwa kuzima mwitikio wa mwili, bila kujali mwitikio huo unapigana na nini. Ikiwa mwili unapigana na mzio, nafuu ni ya kweli. Ikiwa unapigana na vimelea, umemnyang'anya askari silaha katikati ya vita.

Mchukue mbwa mchanga aliyetoka vipara usoni na kwenye miguu ya mbele. Ngozi ina wekundu kidogo na magamba, wala hajikuni sana. Ugonjwa huo mara nyingi ni ule wa utitiri uitwao Demodex, unaokaa ndani ya vinyweleo na kuzaliana pale kinga ya mwili inapolegea. Mpake steroidi, na unailegeza kinga hiyohiyo kwa mkono wako mwenyewe. Vipara viwili vinakuwa kumi, vinaingia usaha, na mbwa aliyekuwa na nafasi nzuri ya kupona bila dawa nyingi anageuka kuwa mgonjwa wa miezi. Tangu 2014 kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua utitiri huu vizuri kabisa. Hakuna tyubu ya mchanganyiko inayofanya kazi hiyo, kwa sababu hakuna hata moja kati ya dawa zake tatu iliyotengenezwa kwa ajili ya kimelea anayeishi kwenye mzizi wa nywele.

Au mchukue paka mwenye duara lisilo na manyoya kwenye sikio au puani. Fangasi aitwaye Microsporum canis anatoka kwa paka kwenda kwa watoto, naye ni miongoni mwa wanaowapa mapunye kichwani, au mashilingi kama wanavyoita Kenya. Tyubu yenye steroidi itaufifisha wekundu, na duara litaonekana kama linapona huku fangasi akiendelea kusambaa kwenye manyoya yanayolaliwa na watoto juu ya kochi. Ndani ya tyubu dawa ya fangasi ipo, ni kweli, lakini kuipaka juu ya duara moja hakumalizi ugonjwa ulioshika manyoya ya mwili mzima. Paka mwenyewe naye huilamba. Kila anachopakwa kinaishia tumboni, na steroidi kali za binadamu, klobetasoli au betamethasoni, zikipakwa mara kwa mara hupenya ngozi, zikaifanya nyembamba na kuzizubaisha tezi zinazotengeneza steroidi za asili mwilini.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote limefichika mahali ambapo muuzaji hawezi kupaona. Njia ya sikio la mbwa haiko kama ya kwetu. Inashuka chini, kisha inakata kona kwenda ndani, umbo la herufi L, kwa urefu wa takriban sentimita 5 mpaka 10 kutegemea ukubwa wa mbwa. Mwisho wake kuna kiwambo cha sikio. Ukiangalia kwa macho huoni hata nusu ya njia hiyo. Ni lazima uwe na otoskopu, na mbwa mwenye maumivu pengine alazwe kwa dawa kwanza. Kiwambo kikiwa kimetoboka, chochote unachodondosha kinaingia sikio la kati, na kutoka hapo kinaweza kufika sikio la ndani. Gentamisini na neomisini, zilizomo kwenye tyubu nyingi za aina hii, zinajulikana kwa kuua seli za kusikia na za kumsaidia mnyama asimame sawasawa. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeyumba, au aliyeacha kuitika jina lake siku chache baada ya kutiwa dawa sikioni huenda ameathiriwa na dawa hiyo. Kiziwi wa namna hiyo mara nyingi hapati tena usikivu wake. Maelezo yanayokuja na dawa hizi yanaonya kwamba zisitumike kiwambo kikiwa kimetoboka. Onyo hilo lina maana gani kwa mtu anayeuziwa dawa dirishani, bila mnyama wake kuguswa?

Wanaotetea tyubu wana hoja, nami sitaki kuzipuuza. Ya kwanza ni hii: maambukizi mengi ni ya mchanganyiko, kwa hiyo tiba ya mchanganyiko ndiyo yenye akili, ukikosea bakteria utampata fangasi, ukikosea fangasi utampata bakteria. Inasikika kama busara. Lakini yapo masikio yenye fangasi peke yake, na humo antibiotiki inaingia bila kazi yoyote isipokuwa kuwafundisha bakteria waliomo kuizoea. Yapo masikio mekundu yenye mwasho yasiyo na maambukizi kabisa, ya mbwa mwenye mzio, yanayohitaji kutulizwa uvimbe tu. Na yapo masikio yaliyojaa bakteria wa umbo la fimbo, mara nyingi Pseudomonas, yenye usaha, vidonda na maumivu makali. Hao wana usugu wa asili kwa dawa nyingi, hujijengea utando wa ute, na usaha wenyewe huipunguzia nguvu gentamisini na polimiksini. Sikio kama hilo linahitaji kuoshwa kwa uangalifu, kupelekewa usaha maabara ili bakteria aoteshwe, na kuchaguliwa dawa kwa matokeo hayo. Mchanganyiko uliopakwa kwa kubahatisha unampa Pseudomonas muda wa kushuka sikio la kati.

Kuyatenganisha masikio hayo hakuhitaji miujiza. Unachukua kijiti cha pamba, unakizungusha taratibu ndani ya sikio, kila sikio na kijiti chake. Unakiviringisha juu ya slaidi ya kioo. Usikisugue, maana seli zitapasuka. Unakausha. Unachovya slaidi kwenye vichupa vitatu vya rangi, sekunde chache kila kimoja, unasuuza kwa maji, unaacha ikauke, unatia tone la mafuta na kuiangalia kwa lenzi kubwa kuliko zote kwenye hadubini. Malassezia anaonekana mara moja, zambarau, mwenye kiuno kama ganda la karanga. Bakteria wa mviringo wamekaa wawili wawili au kwa vishada. Bakteria wa fimbo ni vijistari vyembamba. Ukiona chembe nyeupe za damu zilizojaa bakteria tumboni mwao, unajua mwili uko vitani kweli. Usipoziona kabisa, unajua vilevile jambo la maana. Ukitaka utitiri, unachanganya nta na tone la mafuta na kutazama kwa lenzi ndogo, na mara nyingi utawaona wakitembea. Kazi yote hiyo ni ya dakika kama kumi. Baada ya dakika hizo, daktari anajua ni dawa ipi ya kuandika, na kama mchanganyiko unafaa, anauandika akijua kwa nini.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na anayeidharau haifahamu nchi yake. Wanasema: vipimo ni ghali, daktari yuko mbali, na mwenye mbwa wa kienyeji hawezi kumlipia mbwa gharama ambazo hata mtoto wake hapati. Kweli, kuotesha bakteria maabara ni gharama na si kila mkoa una maabara hiyo. Lakini masikio yanayohitaji kuoteshewa ni machache. Yaliyo mengi yanahitaji slaidi tu. Kuhusu slaidi, hoja ya umaskini haisimami. Hadubini ni ileile ambayo madaktari wetu wamekuwa wakiitumia miaka nenda rudi kutafuta vimelea vya ndigana kali kwenye tezi za ng'ombe na vya nagana kwenye damu. Rangi ni jamii ileile. Kijiti cha pamba kinauzwa kila duka la mtaani. Ujuzi unafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Daktari anayemtazamia ng'ombe slaidi halafu anamwandikia mbwa dawa kwa kunusa sikio hajakosa vifaa. Amezoea tu kwamba hakuna atakayemuuliza.

Tena, ghali ni ipi? Mwenye mbwa anayenunua tyubu kila mwezi kwa mwaka mzima, kisha akafikishwa kwenye upasuaji au kwenye uamuzi wa kumpumzisha mbwa kwa sababu ya maumivu, amelipa zaidi ya aliyelipia slaidi moja siku ya kwanza. Umaskini ndio sababu ya kuchunguza mapema, kwa kuwa maskini hana fedha za kukosea mara tano. Na kule ambako daktari hayupo kabisa, afisa mifugo wa kata anaweza kufanya mengi bila tyubu: kuangalia kama kuna viroboto, kupe au mbegu ya majani, kuwauliza wenye nyumba kama watoto wana mapunye, kutambua mbwa anayeinamisha kichwa au anayelia ukimgusa sikio na kumpa rufaa. Hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu aamini kwamba mnyama huyu anastahili kuangaliwa.

Hoja ya tatu hutolewa na wasomi: dawa ya kupaka, wanasema, haileti usugu kwa kuwa inafika kwa wingi mno kiasi kwamba bakteria hapati nafasi ya kuizoea. Hilo lina ukweli pale dawa inapofika kweli. Lakini angalieni inavyotumika. Krimu nzito ya binadamu inapakwa kwenye mlango wa sikio, inaganda na nta, haishuki hata robo ya njia. Matone mawili yanadondoshwa mahali panapohitaji kujazwa. Mbwa anatikisa kichwa na nusu inaishia ukutani. Usaha haujasafishwa. Tiba inaachwa mwasho unapokoma, na mwasho ulikomeshwa na steroidi, bakteria wakiwa bado wapo. Mbali na mlango wa sikio, dawa iliyofika ni kidogo mno: haiui, inawazoesha. Alexander Fleming alilionya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba dozi hafifu isiyoua huwafanya vijidudu wawe sugu. Leo Staphylococcus pseudintermedius, bakteria mkuu wa ngozi ya mbwa, ana vizazi sugu kwa karibu kila antibiotiki ya kawaida, na mbwa mwenye vizazi hivyo analala mlangoni kwetu, anachezewa na watoto na kutulamba mikono.

Fikirieni pia dawa zenyewe ni za nani. Gentamisini iliyomo kwenye tyubu ya mbwa ni ileile inayochomwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu katika hospitali zetu, pamoja na ampisilini au penisilini. Ni miongoni mwa dawa za kwanza anazopewa. Polimiksini zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya antibiotiki zenye umuhimu wa juu kabisa kwa binadamu, kwa kuwa ni kati ya zile za mwisho kukimbiliwa dawa nyingine zikishindwa. Sisemi mbwa asizipate. Nasema asizipate kwa kubahatisha. Mbwa mwenye maambukizi yaliyothibitishwa ana haki nazo. Mbwa mwenye mzio tu, anayepakwa gentamisini kila mwezi bila bakteria wa kuuawa, anatuharibia akiba.

Anayedhani natia chumvi aitazame India. Huko krimu za binadamu zenye steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi ziliuzwa kwa miaka mingi kiholela, kwa mtu yeyote mwenye mwasho. Waliopaka walipata nafuu ya haraka, kama tunavyoipata sisi. Kisha madaktari wa ngozi wakaanza kupokea wagonjwa wenye fangasi waliotapakaa mwilini, wasiosikia dawa walizokuwa wakizisikia zamani, hasa tabinafini. Fangasi huyo alipewa jina lake mwaka 2020, Trichophyton indotineae, na tangu hapo ameonekana Ulaya, Marekani na kwingineko. Matumizi holela ya krimu za mchanganyiko yametajwa tena na tena na wataalamu kuwa miongoni mwa yaliyolea janga hilo. Mwaka 2018 serikali ya India ilipiga marufuku dawa 328 za mchanganyiko wa dozi maalumu, zikiwemo krimu za ngozi. Sisi bado tuna nafasi ya kujifunza bila kulipa karo waliyolipa wao, na tunaichezea kwenye ngozi za mbwa na paka wetu.

Basi mchanganyiko utumikeje? Utumike kwa mnyama ambaye sikio lake limetazamwa mpaka kiwambo kimeonekana, slaidi imeonyesha bakteria na fangasi kwa pamoja, na uvimbe unahitaji kutulizwa. Sikio lisafishwe kwanza kwa dawa ya kusafishia masikio, maana usaha na nta hula dawa. Dawa iwe ya majimaji iliyotengenezwa kwa sikio, itiwe kwa kiasi cha kufika chini, kisha shina la sikio lisingwe kwa vidole mpaka usikie majimaji yakichezacheza ndani. Sauti hiyo ndiyo ishara kwamba dawa imeshuka. Itumike kwa siku zote zilizoandikwa, mara nyingi wiki moja mpaka mbili, bila kuacha mwasho unapoisha. Mwishoni slaidi nyingine ipigwe, kwa sababu kupona kunathibitishwa na hadubini, kutulia kwa mwasho kunathibitisha steroidi tu. Na siku hiyohiyo ya kwanza, chanzo kianze kusakwa: viroboto wamalizwe, chakula kiangaliwe, mzio utafutwe. Tiba isiyo na hatua hiyo ya mwisho imeahirisha ugonjwa.

Wenye maduka ya dawa za mifugo waache kuuza tyubu hizi kwa maelezo ya mdomo. Swali moja tu, "Ni daktari gani aliyeliangalia sikio?", lingetosha kuokoa masikio mengi, na asiye na jibu aelekezwe kwa daktari. Famasi za binadamu ziache kabisa kumuuzia mtu krimu ya steroidi kwa ajili ya mbwa. Baraza la Veterinari Tanzania na Bodi ya Veterinari ya Kenya ziifanye slaidi ya sikio na ya ngozi kuwa kiwango cha chini cha kazi ya kliniki ya wanyama wa nyumbani, kama ilivyo aibu leo kumdunga ng'ombe dawa ya ndigana bila kumgusa tezi. Madaktari wenzangu wanaolalamika kwamba wateja hawataki kulipia vipimo wakumbuke nani aliyewafundisha wateja hao kwamba dawa hupatikana bila vipimo.

Na wewe mwenye mbwa au paka, unayo silaha kubwa kuliko zote. Utakapopewa tyubu, usiulize ina dawa ngapi. Muulize anayekupa: "Umeona nini ndani ya sikio hili?" Akikuambia ameona fangasi, au fimbo, au utitiri, au ngozi nyekundu isiyo na kijidudu, msikilize na ufuate anachosema mpaka mwisho. Akikosa jibu, irudishe tyubu juu ya meza, uondoke na mnyama wako ukatafute mwenye hadubini. Asiyejua anatibu nini hana haki ya kumtia mnyama wako dawa tatu kwa mpigo.